Ukuta Haukauki kwa Siku Moja

Turffontein, kusini mwa Johannesburg, ni mtaa uliolelewa na mbio. Uwanja wake wa farasi ulianza mwaka 1887, mwaka mmoja tu baada ya jiji lenyewe kuzaliwa juu ya dhahabu, na hadi leo jina la mtaa likitajwa watu wengi huwaza farasi, kubeti na mbio za Summer Cup. Mbio zina raha ya hukumu ya haraka. Dakika mbili hivi, farasi anavuka mstari, mwenye bahati anakwenda dirishani kuchukua chake, asiye na bahati anachana karatasi. Hakuna anayeuliza farasi wa nne alikimbiaje.

Jirani na hapo upo uwanja mwingine, wa mpira, Rand Stadium, ambao Orlando Pirates wameutumia kwa mazoezi kwa miaka. Mitaa hii ya kusini zamani ilikuwa ya Wazungu wa kipato cha kawaida, wakiwemo Wareno wengi. Siku hizi imejaa watu wa Msumbiji, Zimbabwe, Nigeria na Kongo, na Kiswahili cha Lubumbashi au cha Bukavu unaweza kukisikia kwenye saluni huku televisheni ikionyesha ligi. Ukikaa ukasikiliza ubishi wao, utagundua kwamba hukumu ya farasi imehamia kwenye mpira. Nani kafunga? Nani kabeba kombe? Huyu kocha anaondoka lini?

Kuna mtu ambaye hukumu hiyo haijawahi kumtendea haki, naye ni beki aliyegeuka kocha.

Anza na Rand Stadium wenyewe. Machi 1976, miezi michache kabla ya Soweto kulipuka na FIFA kuifukuza Afrika Kusini, kikosi cha wachezaji weusi na weupe pamoja kilicheza hapo dhidi ya timu ya nyota kutoka Argentina, kikashinda 5–0. Jomo Sono alifunga manne. Kila anayeijua historia ya soka la nchi ile anayo mabao manne ya Jomo kichwani, na anastahili kuwa nayo, maana katika nchi iliyokuwa ikimwambia mtu mweusi kwamba hawezi, mabao yale yalikuwa jibu. Lakini matokeo yale yalikuwa na tarakimu mbili, tano na sifuri. Sifuri ile nayo ilitolewa jasho. Kuna watu walirudi nyuma mbio, walipiga vichwa, walimkaba Muargentina mmoja mmoja hadi akakata tamaa. Muulize mzee yeyote majina yao uone atakavyokuna kichwa.

Katika kizazi kilichofuata cha watu wa sifuri alikuwamo Gavin Hunt. Alizaliwa Cape Town, Julai 1964, akacheza namba mbili, yaani beki wa kulia, katika Hellenic, klabu iliyoanzishwa na jamii ya Wagiriki wa jiji hilo. Miaka yake ya kucheza iliangukia ndani ya kifungo. Afrika Kusini ilifukuzwa FIFA mwaka 1976, Hunt akiwa bado mtoto, na iliporudi uwanjani Julai 1992 kucheza na Cameroon mjini Durban, alikuwa anatimiza miaka ishirini na minane. Haipaswi kusahaulika kwamba kifungo kile kililetwa na ubaguzi, na kwamba waliolipa gharama kubwa ni vijana weusi ambao walinyimwa mengi zaidi ya mechi za kimataifa. Kwa beki wa kulia wa Cape Town, hata hivyo, maana yake ilikuwa kwamba dunia haikumwona. Alicheza mamia ya mechi kwa klabu moja, kisha jeraha la kano ya kisigino likamfungia njia. Miguu ikagoma, kichwa kikabaki.

Kichwa cha beki wa kulia kina nini cha ajabu? Tazama anaposimama. Mkono wake wa kulia kuna mstari wa chaki, na nje ya chaki hakuna adui. Kwa hiyo uwanja wote uko mbele yake na upande wake wa kushoto, na yeye hutazama migongo ya wenzake zaidi ya nyuso zao. Mshambuliaji hupokea mpira akiwa ameupa goli mgongo, akijua kidogo sana kinachoendelea nyuma yake. Beki huona winga wake amechoka kurudi, huona kiungo amevutwa mbali, huona nafasi ya hatua tano kati ya beki wa kati na mwenzake, na huiona kabla ya adui kuiona. Akishaiona hana muda wa kukimbia kwenda kuiziba mwenyewe. Lazima apige kelele: ingia ndani, panda, mwache aotee, geuka! Mabeki wengi hodari hufanya nusu ya kazi yao kwa mdomo.

Zoezi la zamani la mabeki huonyesha jambo hili vizuri. Kocha huwafunga mabeki wanne kamba kiunoni, kila mmoja na jirani yake, kisha huutembeza mpira kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Mpira ukienda kulia, wa kulia anatoka kumkabili mwenye nao, na kamba inawavuta wengine watatu. Wa kushoto, aliye mbali kabisa na mpira, anajikuta amesogea karibu na katikati. Anayechelewa huburutwa, na anayejifanya shujaa akatoka peke yake huwaangusha wote. Baada ya wiki kadhaa kamba inafunguliwa, nao wanaendelea kutembea kana kwamba bado ipo. Kujifunza kule hakuna njia ya mkato. Mfungaji mzuri unaweza kumnunua Jumatatu akafunga Jumamosi. Safu ya mabeki wanne hainunuliki, kwa sababu unachokihitaji ni mazoea ya kila mmoja kumjua mwenzake, na mazoea hayamo kwenye mkataba wa mtu yeyote.

Ndiyo sababu watu wa mpira huiita safu hiyo ukuta, na fundi yeyote wa ujenzi atakwambia kwamba ukuta haukamiliki siku tofali la mwisho linapowekwa. Huachwa ukakauka. Ukiuezeka kabla ya wakati utapasuka, na lawama ataibeba fundi.

Hunt alianza ufundi huo katikati ya miaka ya 1990 katika Seven Stars, klabu ndogo ya Cape Town. Kikosini alikuwemo kijana wa Hanover Park aliyeitwa Benni McCarthy. Mwaka 1997 kijana huyo aliuzwa Ajax ya Amsterdam, baadaye akatwaa Ligi ya Mabingwa wa Ulaya na FC Porto, na Machi 2025 akawa kocha wa Harambee Stars ya Kenya, akawafunga Morocco pale Nairobi katika michuano ya CHAN. Beki alimkabidhi mshambuliaji dunia, kisha yeye akaendelea na safari ya kawaida: Hellenic, halafu Black Leopards ya Limpopo.

Baada ya hapo ukitazama miaka yake utaona mpangilio usiofichika. Moroka Swallows walimpa miaka mitano, 2002 hadi 2007, naye akawapa Kombe la ABSA mwaka 2004. SuperSport United ya Pretoria walimpa sita, wakapata ubingwa wa ligi mara tatu mfululizo, 2008, 2009 na 2010, na Kombe la Nedbank mwaka 2012. Kipa Mganda Denis Onyango alikuwa sehemu ya kikosi kile cha ubingwa kabla hajawa jina kubwa Sundowns. Bidvest Wits walimpa saba, kuanzia 2013. Mwaka 2017 timu hiyo ya chuo kikuu, iliyoanzishwa mwaka 1921, ikatwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ulikuja katika msimu wake wa nne pale.

Klabu mbili za mwisho zina jambo moja linalofanana: hazikuwa na umati. SuperSport na Wits zilijaza viti vichache kiasi kwamba kwenye televisheni ungeweza kumsikia kocha akifoka. Wakuu wa klabu hizo hawakuogopa mashabiki kwa kuwa mashabiki walikuwa wachache. Ukimya huo ndio uliomnunulia Hunt muda. Ukosefu wa umati una gharama yake pia. Wits iliuzwa mwaka 2020 na jina lake likatoka kwenye ligi, miaka mitatu tu baada ya ubingwa.

Hunt akaenda kinyume kabisa: Kaizer Chiefs, klabu ambayo ikifungwa Jumapili, Jumatatu ofisi na teksi za nchi nzima zinazungumza hilo tu. Alipofika Septemba 2020, FIFA ilikuwa imeifungia klabu kusajili kwa madirisha mawili. Alikuwa fundi aliyekabidhiwa kiwanja, matofali yakiwa ya zamani na duka likiwa limefungwa.

Hapa ndipo msomaji wa Dar es Salaam anapoingia kwenye hadithi, maana haiwezekani akawa amesahau. Mei 15, 2021, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba walikwenda FNB Stadium, kilomita chache tu magharibi ya Turffontein, wakiwa wameongoza kundi lililokuwa na Al Ahly. Wakapigwa 4–0. Bao la kwanza lilifungwa kwa kichwa na beki wa kati, Eric Mathoho. Samir Nurković akaongeza mawili na Leonardo Castro la nne. Wiki moja baadaye, Uwanja wa Benjamin Mkapa, John Bocco alifunga mawili na Clatous Chama akafunga la tatu zikiwa zimebaki dakika chache. Bao moja zaidi, na kazi yote ya Johannesburg ingefutika.

Halikuja. Chiefs walifungwa 3–0 na wakavuka kwa 4–3.

Dakika zile za mwisho sisi tulizitazama kama msiba wa Simba, na ni haki yetu. Ukizitazama kutoka upande wa pili, utaona kitu kingine. Timu iliyokuwa inapumua kwa shida, iliyokatazwa kusajili, iko ugenini na inamiminiwa mipira, inabakiza kiasi kidogo tu cha mpangilio, cha kutosha kuzuia bao moja. Hakuna aliyeimba kuhusu bao la nne la Simba ambalo halikufungwa. Lakini bao hilo lisilokuwepo ndilo lililoipeleka Kaizer Chiefs nusu fainali ya mashindano hayo kwa mara ya kwanza katika historia ya klabu.

Mei 28, siku sita baadaye, Hunt aliondolewa.

Wenye klabu walikuwa na sababu zao na si za kupuuzwa. Kwenye ligi ya nyumbani Chiefs walikuwa nusu ya chini ya msimamo, na kwa klabu ile hiyo ni aibu. Arthur Zwane na Dillon Sheppard wakashika usukani, wakawatoa Wydad katika nusu fainali kwa jumla ya bao 1–0, yaani mechi mbili bila kuruhusu bao hata moja. Fainali ilichezwa Casablanca chini ya Stuart Baxter, wakalala 3–0 kwa Al Ahly ya Pitso Mosimane. Dakika mia na themanini zile dhidi ya Wydad zilichezwa na wachezaji wale wale aliowaacha Hunt. Ukuta ulikuwa unaanza kukauka, na fundi alikwisha kuondoka na ndoo yake.

Mbishi wa saluni atanikatiza hapa, na ana hoja. Atasema: mbona Steve Komphela alipewa muda? Naye alikuwa beki, tena nahodha wa zamani wa timu ya taifa, Bafana Bafana, aliyecheza hadi Uturuki. Alikaa Chiefs kwa karibu misimu mitatu kamili, kuanzia 2015, akapoteza fainali mbili katika msimu wa kwanza, moja kwa Ajax Cape Town na nyingine kwa Sundowns. Akaondoka Aprili 2018 bila kombe, siku ambayo mashabiki walivamia uwanja mjini Durban baada ya kipigo cha Free State Stars.

Ni kweli. Muda peke yake hauleti kombe, na sitadai kwamba kila beki aliyeachwa akae miaka saba atakuwa bingwa. Mwingine hukaa na ukuta ukapinda. Ila angalia klabu ilifanya nini baada ya Komphela. Akaja Giovanni Solinas, akaja Ernst Middendorp, akaja Hunt, akarudi Baxter, akapanda Zwane, akaja Molefi Ntseki, akashika kwa muda Cavin Johnson. Kutoka ubingwa wa mwaka 2015 hadi kombe lililofuata palipita miaka kumi, na lililetwa Mei 2025 na mtu ambaye Jangwani wanamfahamu vizuri, Nasreddine Nabi, kocha wa zamani wa Yanga. Naye hakumaliza mwaka huo akiwa kazini. Klabu iliyobadilisha mafundi saba au wanane katika mwongo mmoja haiwezi kusema kwa uhakika ni yupi kati yao alikuwa mbaya. Haikumpa hata mmoja nafasi ya kujulikana. Faida ya muda, hata pasipo kombe, ni kwamba unaweza kumhukumu mtu kwa kazi yake mwenyewe badala ya kumhukumu kwa mabaki ya mwenzake.

Kwetu hali si tofauti. Kocha wa Simba siku ile ya Mkapa alikuwa Didier Gomes. Oktoba mwaka ule ule Jwaneng Galaxy ya Botswana ilikuja Dar es Salaam ikashinda 3–1, na siku chache baadaye Gomes naye akafunga mizigo. Mechi ile ya 4–3 ilikuwa na makocha wawili, na miezi mitano baadaye wote wawili hawakuwepo kwenye benchi lolote kati ya yale mawili.

Tazama basi mabeki wetu wenyewe. Mecky Mexime, nahodha wa zamani wa Mtibwa Sugar na wa Taifa Stars, ameifundisha Mtibwa hiyo hiyo, kisha Kagera Sugar, kisha Dodoma Jiji. Fred Felix Minziro, beki wa kushoto wa Yanga ya enzi zake, amezunguka mikoani benchi hadi benchi. Kenya wanaye Musa Otieno, aliyekwenda Santos ya Cape Town mwaka 1997 na kukaa zaidi ya mwongo mmoja. Alikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa Afrika Kusini msimu wa 2001/02, na alikuwa nahodha wa Harambee Stars katika AFCON ya 2004. Aliporudi kwenye timu ya taifa kama mwalimu, alirudi kama msaidizi wa Bobby Williamson. Watu wa namna hii tunawaita wazoefu, wazalendo, wapambanaji. Timu ikiwa hatarini kushuka daraja tunawapigia simu usiku. Tunawapa kazi ya kuzuia, ile ile waliyoifanya walipokuwa vijana, na ikifanikiwa hakuna sherehe, kwa sababu kutoshuka daraja hakuna kombe.

Sisemi Simba na Yanga wafukuze wageni waweke wenyeji kwa ajili ya uzalendo. Timu kubwa inatafuta kocha bora, atoke Belgrade au Morogoro. Ninachouliza ni jinsi tunavyompima. Mgeni hupimwa kwa makombe ya klabu tajiri alizopitia. Mwenyeji aliyeshika timu ya mkoani isiyo na basi la uhakika hupimwa kwa nafasi ya tisa kwenye msimamo, bila mtu kuuliza timu ile ingekuwa ya ngapi pasipo yeye. Hapo tunarudia kosa la watazamaji wa Rand Stadium mwaka 1976: tunahesabu tano na kuisahau sifuri. Na kosa hilo halitafutwa kwa huruma. Litafutwa kwa kujifunza kusoma. Kiongozi wa klabu anayeweza kutazama mechi iliyoisha 0–0 huko Bukoba na kueleza safu ya nyuma ilivyosogea, nani alimpanga nani, na kwa nini mipira ya krosi iliishia kichwani mwa beki wa kati kila mara, huyo ndiye anayefaa kuajiri kocha. Asiyeweza ataendelea kuchagua kocha kama anavyochagua farasi, kwa jina na kwa rangi ya fulana ya mpanda farasi, na atachana karatasi kila msimu.

Hunt aliendelea. Alipitia Chippa United, akarudi SuperSport mwaka 2022 na kukaa misimu kadhaa, na hakuna mtu wa mpira Afrika Kusini anayesema amekwisha. Ligi nne si jambo la kubahatisha. Lakini nikitaka kujua thamani yake sihesabu zile nne kwanza. Nahesabu miaka mitano ya Swallows, sita ya SuperSport na saba ya Wits, kisha miezi tisa isiyotimia ya Chiefs, na hesabu hiyo inanieleza mambo ya wenye klabu zaidi ya mambo ya kocha. Beki amefanya lake tangu akiwa na miguu mizima: ameona nafasi iliyo wazi na ameita. Aliye mbele yake ndiye anayepaswa kusikia.